Mashahidi 100,000 kila Mwaka: Nani Aliyewahesabu?

Jambo hili lilianzia katika simu ya mama mmoja. Ilikuwa siku ya Jumapili baada ya Misa ya pili, hapa Lubumbashi, nasi tulikuwa bado tukikusanya vitabu vya nyimbo. Mama yule akatuita kando, akasema: "Mwalimu, tazama wanavyotufanya." Tukatazama. Ilikuwa picha ya maiti nyingi zilizoungua, zimelazwa chini safu kwa safu, na watu wamesimama kuzizunguka. Maandishi ya chini yalisema kwamba hao ni Wakristu waliochomwa moto wangali hai na Waislamu wa nchi ya Nijeria. Kwamba kila mwaka Wakristu 100,000 huuawa kwa ajili ya dini yao. Na mwisho, mpelekee kila Mkristu unayemjua. Mama alikuwa amekwisha kuwapelekea watu wote wa shirika lake.

Kama jambo lingekoma hapo, labda tusingaliandika. Lakini juma lile lile jirani mmoja Mwislamu, mwenye duka katika avenyu yetu, alifiwa na mtoto wake. Sikuzote desturi yetu ni kwenda kilio, kuketi pamoja na wafiwa na kuchanga kidogo, bila kuuliza kama aliyekufa alibatizwa au hakubatizwa. Safari hii vijana wa kwaya walisema hawaendi. Walipoulizwa sababu, wakaonyesha picha ile.

Ndipo tulipoona kwamba yatupasa kuchunguza habari hii, si kwa kupenda ubishi, bali kwa sababu ilikuwa imekwisha kuzaa matunda katika avenyu yetu wenyewe.

Katika shirika letu yumo mzee mmoja mzaliwa wa Uvira. Tulimpa picha aitazame bila kumwambia neno. Aliitazama kitambo, akavua miwani yake, akasema: "Hawa si watu wa Nijeria. Hawa ni watu wa Sange." Nasi tukakumbuka. Sange ni mji mdogo katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka pale. Watu walikuja na ndoo na madebe kuteka mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Wengine walikuwa wamejaa katika vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, lililochezwa Afrika ya Kusini mwaka ule. Mafuta yakashika moto. Walikufa watu zaidi ya 230, na watoto wengi miongoni mwao. Wengi walizikwa pamoja katika makaburi ya jumla, kwa maana hata ndugu zao hawakuweza kuwatambua.

Moto ule haukuwashwa na mwenye chuki ya dini yoyote, wala haukuchagua Mkristu au Mwislamu. Kilichowaua watu wa Sange ni lori lililopinduka, na umaskini umfanyao mtu kukimbilia mafuta ya bure, na nyumba zilizosongamana kando ya barabara. Tangu siku hizo picha zao zimezunguka dunia yote zikiitwa picha za Nijeria. Mzee wetu aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu upesi: "Na hawa wa kwetu, nani atawalilia, ikiwa wamekwisha kufanywa watu wa nchi nyingine?"

Basi, picha ilikuwa ya uongo. Lakini labda mtu atasema: picha ni moja tu, hesabu yaweza kuwa ya kweli. Neno hilo ni la haki, na hapa twaomba msomaji avumilie kidogo, maana mambo ya hesabu huchosha, na hii ina siri ndani yake inayotuhusu sisi Wakongo kuliko watu wote.

Hesabu ya 100,000 haikubuniwa na watu wa mitaani. Ilitoka katika kituo cha elimu kilichomo katika Seminari ya Kiprotestanti ya Gordon-Conwell, huko Marekani. Watu wa kituo hicho hukusanya hesabu za Wakristu wa dunia nzima: waliobatizwa, makanisa, wamisionari, vitabu. Waliifuata kazi ya padri mmoja Mwanglikana, David Barrett, aliyekaa Kenya miaka mingi na mwaka 1982 akatoa kitabu kikubwa cha habari za Wakristu wa kila nchi. Ni kazi ya jasho, nasi hatuidharau. Watu hao walisema kwamba katika miaka kumi, tangu 2000 mpaka 2010, Wakristu 1,000,000 walikufa mashahidi. Ukigawanya kwa kumi wapata 100,000 kwa mwaka. Hesabu ikapendeza, ikatajwa na wahubiri na magazeti. Mwezi wa Mei 2013 ikatajwa hata Geneva, mbele ya Umoja wa Mataifa, na mjumbe wa Kiti Kitakatifu, Askofu Mkuu Silvano Tomasi.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, watu wa redio ya BBC waliuliza swali ambalo kila mmoja wetu angepaswa kuliuliza: milioni hiyo walifia wapi? Jibu likaja. Walifia Kongo. Kituo kile kilikuwa kimechukua wafu wa vita vyetu, ambao walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni nne katika miaka ile, kikasema kwamba kama sehemu moja ya tano yao, yaani 900,000, walikuwa mashahidi wa Kristu. Katika kila mashahidi 100 wa dunia yote, 90 walikuwa Wakongo!

Tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, tuliweka karatasi chini tukanyamaza. Tumeishi katika nchi hii tangu kuzaliwa. Tumewasikia wakimbizi wa Kivu, wa Ituri na wa Tanganyika wakisimulia. Hatukumsikia hata mmoja akisema kwamba watu 900,000 waliambiwa wamkane Kristu, wakakataa, wakauawa.

Walifikaje kwenye hesabu hiyo? Kwa maana yao, shahidi ni Mkristu aliyepoteza maisha kabla ya wakati wake, akiwa katika hali ya kumshuhudia Kristu, kwa sababu ya uadui wa wanadamu. Ukisoma upesi, maneno haya yafanana na yale tuliyofundishwa. Lakini mlango wake ni mpana mno. Nchi yetu ina Wakristu wengi sana; vita huua watu wengi; basi kwa mlango huo, vita yoyote katika nchi ya Wakristu yaweza kuzaa mashahidi kwa malaki, bila kuuliza nani aliua na aliua kwa nini. Hata miongoni mwa Wakristu wanaotetea uhuru wa dini wako waliokataa. Mteolojia Mprotestanti wa Ujerumani, Thomas Schirrmacher, alisema kwamba hesabu ile ni kubwa mno, na kwamba kwa mwaka ni elfu chache tu. Elfu chache ni wengi! Hatuhitaji kuongeza.

Tena tazameni jambo jingine. Hesabu ile ilikuwa ya miaka ya 2000 mpaka 2010, nayo hata leo husemwa kwamba ni ya kila mwaka. Mtu aliyekufa Kivu mwaka 2001 ameuawa tena katika hotuba ya mwaka 2013, na sasa anauawa tena katika simu ya mama wa parokia yetu.

Na hao wafu wetu, walikufa kwa nini? Shirika la Marekani la kusaidia wakimbizi, lijulikanalo kwa herufi IRC, lilitoa hesabu ya watu milioni 5.4 waliopotea tangu Agosti 1998 mpaka Aprili 2007. Wataalamu wengine wameishindania hesabu hiyo wakisema ni kubwa mno. Lakini hata wenyewe walioitoa walisema kwamba walio wengi sana hawakufa kwa risasi wala kwa panga. Walikufa kwa malaria, kwa kuhara, kwa kichomi, kwa njaa, porini na kambini, kwa sababu vita ilikuwa imefunga dispensari na kuteketeza mashamba. Ni kifo kibaya, na wako watu watakaotoa hesabu mbele ya Mungu kwa ajili yake. Lakini mtoto aliyekufa kwa kuhara katika msitu wa Walikale hakuulizwa imani yake na mtu.

Hata waliouawa kwa silaha, hata wale waliouawa ndani ya parokia, yatupasa kuangalia kabla ya kusema. Tarehe 24 Agosti 1998, huko Kasika katika nchi ya Mwenga, waasi na askari wa Rwanda waliokuwa pamoja nao waliua mamia ya watu. Walimwua paroko, wakawaua masista, wakamwua Mwami na watu wa nyumba yake. Padre na masista waliouawa katika misioni yao! Nani asingesema mara moja: ni chuki ya dini? Lakini wauaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa sababu Mai-Mai walikuwa wamevizia na kuua maofisa wao karibu na pale. Tena wengi wa wauaji wenyewe walikuwa wamebatizwa. Ukisema Kasika ilikuwa mateso ya dini, umewapa wauaji kifuniko kizuri. Hakuna tena haja ya kutaja jeshi, wala makamanda, wala serikali zilizowatuma, wala ardhi na madini waliyokuwa wakigombania. Unasema "maadui wa Kristu," nao maadui wa Kristu hawana anwani.

Nasi wa Katanga tunao mfano wetu, na si wa kujivunia. Katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili, katika Likasi, katika Kolwezi na mahali pengine. Walifukuzwa makazini na katika nyumba zao. Maelfu yao walilala stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa pale na njiani kwa magonjwa na njaa, watoto kwanza. Sisi siku zile tulikuwa bado mgongoni mwa mama, lakini wazazi wetu waliona. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale, wakapokea komunyo katika makanisa yale yale, wengine waliimba kwaya moja. Kwa mlango ule mpana wa wenye hesabu, tungeweza kuwaandika wale waliokufa Likasi kuwa Wakristu waliouawa kwa uadui wa wanadamu. Na wauaji je? Tungewaandika wapi? Ni afadhali tuseme kweli: ilikuwa dhambi ya Wakristu juu ya Wakristu, kwa ajili ya kabila, kazi na utawala.

Labda msomaji mmoja ataanza kunung'unika: "Mwalimu huyu amesoma mno. Ametufanya tusiamini mashahidi." La, ndugu. Twafuata njia ya Eklezia yenyewe. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba hakuna baraza duniani lenye kuwatilia mashaka mashahidi kuliko Roma. Papa Benedikto wa 14, kabla ya kuwa Papa, alikuwa kwa miaka mingi na kazi ya kupinga: kila aliyeletwa aandikwe mtakatifu, yeye alitafuta sababu za kukataa. Akaandika vitabu vikubwa juu ya jambo hilo. Kwa shahidi aliweka maswali mawili hasa: je, mwuaji aliua kwa kuichukia imani, au wema utokao katika imani? Je, aliyeuawa alikipokea kifo kwa ajili ya imani hiyo? Jibu la swali moja likikosekana, mtu huyo twaweza kumwombea, kumlilia na kumsifu, lakini hatumwiti shahidi.

Vilevile Wajesuiti wa Ubelgiji waitwao Wabolandisti, tangu karne ya 17, wamekuwa wakipekua hadithi za mashahidi wa kale na kutenga iliyo kweli na ile ya kutungwa. Ubelgiji iliyotutawala ilituletea mambo mengi. Hawa nao ni wa kwao, ila habari zao hazikufika sana hapa. Mwaka 1969 Papa Paulo wa 6 alipotengeneza upya kalenda, jina la Mtakatifu Barbara likaondolewa katika kalenda ya Eklezia yote, kwa sababu habari za maisha yake hazikuwa na uthibitisho. Barbara ni msimamizi wa wachimba migodi, nasi watu wa shaba tungekuwa wa kwanza kulalamika. Lakini Roma haikuogopa kwamba imani ya wachimba migodi itaanguka kwa sababu hiyo.

Na pale uchunguzi unapokamilika, tazameni unavyong'aa. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Wengi waliuawa katika siku zile, wazungu kwa weusi. Lakini habari za Anuarite zilikuwa na mashahidi walioona, masista wenzake waliokuwa naye usiku ule: nani alimtaka, alijibu nini, nani alimpiga. Hata mwuaji alijulikana kwa jina. Ilipita karibu miaka 21 mpaka Yohane Paulo wa 2 alipokuja Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985 kumtangaza Mwenye Heri, na siku ile ile Baba Mtakatifu akatamka msamaha kwa mwuaji. Ungeweza kumsamehe nani, kama ungesema tu kwamba "waliuawa watu 100,000"?

Tena uchunguzi haupunguzi mashahidi tu. Mara nyingine hutuonyesha shahidi mahali ambapo sisi tusingemtafuta. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa serikali aliyekagua vyakula mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichooza ambacho kingewadhuru watu. Walimteka, wakamtesa, wakamwua. Hapakuwa na Mwislamu, wala mpagani, wala Mkomunisti. Kulikuwa na fedha na wafanyabiashara. Eklezia ikachunguza, ikaona kwamba alikataa kwa sababu ya imani yake, na tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, ikamtangaza Mwenye Heri na shahidi. Hatujaona picha ya Floribert ikipelekwa kutoka simu hadi simu na maneno "tazama wanavyotufanya." Labda ni kwa sababu waliomwua wanafanana mno na watu tunaowajua.

Sasa twaja kwenye swali gumu, nalo liliulizwa na kijana wa kwaya, mkubwa wa wale waliokataa kwenda kilio. Alisema: "Mwalimu, na Komanda je? Nayo ni hadithi?"

Hapana. Komanda si hadithi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, watu wa ADF waliingia katika parokia yenye jina la huyo huyo Mwenye Heri Anuarite. Waumini walikuwa wakikesha katika sala, vijana wa Krusada ya Ekaristi wakiwa miongoni mwao. Waliuawa watu zaidi ya 40 katika mji ule, na watoto pia. Wauaji hao wamejiunga na wale wanaojiita Dola la Kiislamu, nao hujisifu kwamba wanawaua Wakristu. Anayekana jambo hili hafuati njia ya Benedikto wa 14. Huyo anafumba macho.

Lakini yule kijana tulimwomba asikilize na nusu ya pili. Watu hao hao wa ADF, waliotoka Uganda na kukaa katika milima na misitu yetu tangu miaka ya 1990, wameua kila aliyesimama katika njia yao. Mwezi wa Mei 2021, katika Beni na karibu yake, maimamu wawili waliokuwa wakihubiri dhidi ya waasi waliuawa kwa risasi, mmoja wao ndani ya msikiti wakati wa sala. Mwislamu wa Beni anawaogopa kama Mkristu wa Beni. Mwenye duka wa avenyu yetu ana uhusiano gani na ADF? Ana uhusiano ule ule ambao sisi tunao na wale waliowafukuza Wakasai, yaani jina la dini tu. Tena wafu wa Komanda ndio wanaodhulumiwa kwanza na picha ya Sange. Mtu akigundua kwamba tulimdanganya kwa picha moja, tukimletea kesho habari ya Komanda atasema: haya, wameanza tena.

Hatukuwa tumemaliza. Maana kuna mashaka mengine, mashaka ya uvivu, na katika haya sisi Wakatoliki wa Katanga tuna deni. Mtu hayachunguzi madai ya mwenzake. Anayakataa tu kwa sababu mwenye kuyatoa si wa kwake.

Tarehe 12 Oktoba 1951, katika mji huu uliokuwa ukiitwa Elisabethville, alikufa mfungwa mmoja aliyekuwa amefungwa miaka 30. Jina lake Simon Kimbangu. Alikuwa amebatizwa na Wabatisti wa Kongo ya Chini. Mwezi wa Aprili 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa katika kijiji cha Nkamba. Watu wakaacha kazi wakamwendea. Serikali ya Wabelgiji ikamkamata mwezi wa Septemba, na tarehe 3 Oktoba baraza la kijeshi la Thysville likamhukumu apigwe fimbo 120, kisha auawe. Mfalme Albert akaibadili hukumu ya kifo iwe kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu, mbali na watu wake, asirudi tena. Wafuasi wake walihamishwa katika pande zote za nchi. Wakimbangu husema zilihamishwa jamaa 37,000. Wanahistoria wengine huona kwamba hesabu hiyo nayo imezidi sana. Nao basi wana 100,000 yao, na ni haki kuwaambia, kama tunavyojiambia wenyewe.

Lakini kiini cha jambo hakihitaji hesabu. Mtu aliyesali na kuhubiri alifungwa miaka 30, na serikali ikasema: si mambo ya dini, ni mambo ya usalama. Na wamisionari Wakatoliki walikuwa miongoni mwa walioitaka serikali iwe kali. Wakimbangu walipolalamika kwamba wanateswa kwa ajili ya imani, watu wetu walicheka. Baada ya kufa kwake ikasemwa hata kwamba alibatizwa Ukatoliki kitandani mwake hospitalini. Wakimbangu hukana kabisa. Sisi hatuoni kwamba yafaa kuwashindania watu mfungwa wao, hasa sisi ambao hatukwenda kumtazama. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya nchi kwa ajili yake. Twapumzika siku hiyo. Ni wangapi wetu hapa Lubumbashi tujuao kwamba alifia kwetu?

Ukimpima Kimbangu kwa maswali yale mawili ya Benedikto wa 14, utaona si rahisi kumfukuza mlangoni. Serikali iliogopa uasi, ni kweli. Lakini iliogopa uasi kwa sababu ya sala. Eklezia haihukumu watu wasio wake katika jambo la kuwaandika watakatifu, wala sisi hatuthubutu. Twasema tu kwamba mashaka ni mizani, na mizani ya sokoni haiwi na mawe mawili, moja la kununulia na jingine la kuuzia.

Wazee wa parokia watatukumbusha pia siku za Mobutu: mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipokatazwa na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa muda; mwaka 1974 shule zetu zilipotwaliwa, na Noeli ikaacha kuwa sikukuu ya serikali. Baba zetu wangali na majina mawili kwa sababu hiyo. Lilikuwa onevu, tuliite onevu. Tukiliita mauaji, tutakosa neno la kuwapa watu wa Komanda.

Turudi kwenye avenyu yetu. Tulikutana na wanakwaya siku ya Jumatano jioni, na mzee wa Uvira akaja na kuwasimulia habari za Sange, pole pole, jinsi alivyomtafuta mtoto wa dada yake asimpate. Hakuna aliyetazama simu. Mama wa picha alikuwapo pia. Akauliza kama afute picha tu au awaandikie wote aliowapelekea. Tukamwambia awaandikie, maana aliyepeleka uongo kwa watu 60 hajatengeneza kitu kwa kuufuta kwake mwenyewe. Alikubali, ingawa aliona haya, akaandika mbele yetu: picha ile ni ya wafu wa Sange, tuwaombee.

Siku ya nne ya kilio wanakwaya saba walikwenda pamoja nasi. Mwenye duka alitupa viti, akaleta chai, hakuuliza kwa nini tulichelewa. Yule kijana mkubwa hakuja. Alisema bado hajatulia moyoni kwa ajili ya Komanda, nasi hatukumlazimisha. Amekubali kuja nyumbani kwetu Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, na mzee wa Uvira atakuwapo.